Waliopanda tungule kwenye robota la mabua, tupeane uzoefu

Bint Fuoni: Assalaam alaykum. Leo nimepita Cheju nikakuta mabua ya mpunga yanatiwa moto, roho imeniuma. Mie uani kwangu saruji tupu, mboga napanda juu ya robota, yale mabua makavu yaliyobanwa yakafungwa kamba. Waliojaribu njooni, hasa nyie yaliyokufikeni makubwa.

Mtu wa Konde: Waalaykum salaam. Udongo wa Mungu upo, bibie, robota la nini tena?

Kibandamaiti Juu: Si kila mtu karithi shamba la mikarafuu, babu wee.

Mama Zuu Makunduchi: Umenikumbusha mbali, mwanangu. Huku kwetu uwandani jembe likishuka linagonga jiwe. Basi kijana wangu akaleta marobota, akayaegemeza ukuta wa jiko la makuti, kamba zikae ubavuni, ncha za mabua ziangalie juu. Akawa anayamwagia maji na mbolea ya urea, halafu huyo, kenda zake Nungwi kazini. Hakumwambia mtu kitu. Wiki ile ile tuna harusi ya mtoto wa shemeji yangu, masufuria yamejaa ua mzima. Alfajiri baridi, wifi yangu katoka kuchochea kuni, anaona robota linafuka. Ukunga aliopiga! "Moto! Jiko linaungua!" Wanaume wakatoka msikitini mbio, kanzu wamezikamata mkononi. Madumu yote ya maji ya biriani yakamiminwa pale, na beseni la mchele uliorowekwa nalo likaenda na mchele wake. Na mfereji haukutoa maji tangu juzi! Mie nikatia mkono kati ya mabua: moto wa kuunguza vidole, lakini hapana cheche hata moja. Ule mvuke tu, na harufu ya mkojo wa zizini.

Kibandamaiti Juu: 😂😂 Biriani ililiwa saa ngapi?

Mama Zuu Makunduchi: Baada ya alasiri. Na bwana harusi kaogeshwa maji ya kisima cha chumvi, mpaka leo anatununia.

Bwana Shamba Mstaafu: Robota kufuka ndivyo linavyotakiwa. Vijidudu vinakula naitrojeni ya ile urea na kuozesha mabua, ndani joto linaweza kupita nyuzi 50. Joel Karsten wa Minnesota, Marekani, aliyeueneza mtindo huu, anataka robota litayarishwe kama siku 10 hadi 12 ndipo upande. Ukitia mche kabla halijapoa umeupika.

Ukhti Bamia: Urea kwenye mboga ya kula watoto? Tieni samadi ya kuku.

Bwana Shamba Mstaafu: Urea ni naitrojeni asilimia 46. Kijidudu hakiulizi imetoka kiwandani au bandani.

Ukhti Bamia: Mie nauliza. Nnao watoto.

Kibandamaiti Juu: Mzee huyu anauza mbolea, nyie hamuoni?

Bwana Shamba Mstaafu: Nakula pensheni, kijana. Chunga ulimi.

Jambiani Mpole: Mie sikupata mabua nikatumia makumbi ya nazi, yale yanayozikwa pwani kwa usumba. Miche ikaungua kingo za majani, kumbe yamejaa chumvi. Yakapigwa na mvua ya masika yote, ndipo bilingani zikakubali.

Chake Mjini: Kwangu mchwa. Nikaambiwa nizungushie majivu. Wameyavuka wakapiga hodi.

Ukhti Bamia: Liinue juu ya matofali.

Bint Fuoni: Matofali ninayo, ila langu limeota mpunga juu.

Kibandamaiti Juu: Uache ukomae, upike.

Bwana Shamba Mstaafu: Ng'oa. Ni punje zilizobaki kwenye mabua. Na kaskazi ikianza umwagilie asubuhi na jioni, robota halishiki maji kama udongo.

Jambiani Mpole: Kwa maji gani hayo, mzee?

Bwana Shamba Mstaafu: Ya kuoshea mchele.

Mama Zuu Makunduchi: Mchele usiutaje mbele yangu.

Bint Fuoni: Bi Mama Zuu, tungule mlipata lakini?

Mama Zuu Makunduchi: Tele. Wifi ndiye wa kwanza kuja na pakacha.

Mtu wa Konde: Jamani, mabua nnayo mengi bondeni. Atakaye aseme, nauli ya boti juu yake.

Kibandamaiti Juu: Si wewe uliyeuliza robota la nini?

Mtu wa Konde: Nimeuliza, nimejibiwa. Bei tutazungumza.