Kikundi cha «Wana wa Mzee Kombo»: harusi ya Zulfa

*Jumapili*

Shangazi Rukia, 07:14: Asalaam alaykum. Zulfa kapiga jana usiku. Wakwe zake wa Kayseri, Uturuki, wanataka nikaha mwezi wa tisa. Tumebakiwa na wiki saba. Someni mpaka mwisho, msinipe vidole gumba tu.

Shangazi Rukia, 07:21: Kwanza karatasi. Uturuki serikali haitambui nikaha ya sebuleni. Lazima wapite kwa afisa wa ndoa wa manispaa, au kwa mufti, nao wameruhusiwa tangu 2017. Akiozwa na imamu peke yake, mume akifa yeye si mke, hana mirathi. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa na cha kwamba hajaolewa vipigwe muhuri Mambo ya Nje, viende ubalozi wao Dar, vitafsiriwe. Twaha, cheti cha kuzaliwa kiko wapi?

Shangazi Rukia, 09:40: Twaha?

Juma, 10:41: Shangazi, Kayseri si ndiko kwenye theluji? Zulfa atavaa dera juu ya koti au koti juu ya dera 😂

Mjomba Salim (Muscat), 10:44: Dera, koti, kisha blanketi. Mlima wao Erciyes unakaribia mita 4,000.

Juma, 10:45: Sisi Tanga ikinyesha siku mbili tunatafuta soksi

Shangazi Rukia, 10:46: Nimeuliza cheti.

Hafsa, 12:30: Hina je? Nije na piko langu?

Zulfa, 13:05: Shikamooni wote. Nilikuwa zamu. Hafsa, hina yao haina maua, ni duara tu katikati ya kiganja. Bi harusi hufumbata mkono, hafumbui mpaka mama mkwe atie sarafu ya dhahabu.

Juma, 13:06: Zulfa fumba na miguu pia

Zulfa, 13:12: 😅 Mahari tumekubaliana, ni dhahabu na itaandikwa. Ila kuna jambo sikulisema jana. Siku ya kutoka nyumbani, baba au kaka humfunga bi harusi utepe mwekundu kiunoni. Mama mkwe kaniuliza nani atanifunga. Nikanyamaza.

Zulfa, 13:15: Halafu ukumbini wageni hubandika dhahabu, sarafu za robo, gramu 1.75 kila moja, na kila anayebandika hutangazwa kwenye kipaza sauti. Nilikwenda harusi ya mwenzangu mgeni kama mimi. Upande wake ulipoitwa hakusimama mtu. Sikulala usiku ule.

Zulfa, 13:16: Na imamu wao kasema walii wa kuniozesha si lazima. Mimi mtu mzima, mashahidi wawili watosha.

Shangazi Rukia, 13:17: HAPANA

Mjomba Salim (Muscat), 13:25: Rukia, wale ni Hanafi. Kwa madhehebu yao inasihi.

Shangazi Rukia, 13:26: Na sisi ni Shafi. Salim, binti yako ulimwoza bila walii?

Mama Zulfa, 13:58: Walii yupo. Baba yake mdogo. Yumo humu humu.

Shangazi Rukia, 13:59: @Athumani

Shangazi Rukia, 16:20: @Athumani naona umesoma.

Juma, 16:33: Nimesikia wakwe wa Kayseri humpima mke kwa mantı, vile visambusa vya kuchemsha. Vidogo mpaka 40 vienee kijiko kimoja! Zulfa anayekata chapati kama ramani ya Afrika 🤣

Hafsa, 16:34: 🤣🤣🤣

Zulfa, 16:50: Nimefika 22

Athumani, 21:48: Nimesoma tangu asubuhi. Kiwanja cha Pongwe mlipokiuza mlinitafuta kwa namba ipi?

Mama Zulfa, 21:52: *Ujumbe huu ulifutwa*

Shangazi Rukia, 21:53: Athumani, hapa si pahala pake.

Athumani, 21:55: Ndipo pake. Marehemu alisema nini mbele yako, Rukia? Lisemwe hapa hapa.

*Jumatatu*

Twaha, 06:32: Bibi kanifanya nimsomee yote. Kasema niandike hivi hivi, nisipunguze.

Twaha, 06:41: «Mie Kombo alipokuja kuniposa alikuja na wazee saba, mvua inanyesha, wakakaa barazani mpaka alasiri. Nasikia na hao Waturuki kwao huenda kwa wazazi kumwomba msichana, naye huwapikia kahawa, ya bwana harusi akaitia chumvi, aimalize asikunje uso. Basi wanajua kuwa mtoto ana wenyewe. Kwangu mbona hawajaja? Kama njia ndefu, wenye mvi wao wapige simu waseme na mie. Nawe Athumani. La kiwanja nitalisema mie, sijafa. Ijumaa baada ya swala mje hapa wote. Lakini mtoto wa Bakari usimweke rehani. Alikuachia wewe. Usipomwoza, nitakwenda kwa kadhi kwa miguu yangu.»

Hafsa, 08:15: 😢

Mjomba Salim (Muscat), 08:40: Maneno yake yatosha. Nauli ya Mama Zulfa natoa mimi.

Mama Zulfa, 08:52: Allah akulipe kaka.

Athumani, 11:03: Shikamoo mama. Ijumaa nitakuja.

Shangazi Rukia, 11:04: Utakuja kama walii au utakuja kwa kiwanja? Zulfa awajibu nini watu?

Shangazi Rukia, 12:10: Athumani?

Zulfa, 14:27: Nimewaambia maneno ya Bibi. Mama mkwe kalia, kasema Bibi ana haki, aibu ni yao. Baba mkwe atapiga Jumamosi saa kumi jioni, saa zao na zetu ni zilezile. Ila hawajui Kiswahili, na Bibi hajui Kituruki. Posa yangu mwenyewe nitaitafsiri vipi mimi?

Juma, 14:29: Ongeza mahari katikati hapo hapo

Shangazi Rukia, 14:30: Juma toka kidogo. Nani anajua Kituruki? Yule kijana wa Makorora aliyesoma Bursa yuko wapi?

Hafsa, 14:36: Yule aliyekuwa akimtaka Zulfa?

Shangazi Rukia, 14:36: Tafuteni mwingine.

Twaha, 17:45: Cheti nimekipata, kilikuwa kwenye kasha la Bibi. Lakini shangazi, hapa baba yake kaandikwa «Bakar», bila i. Pasi yake imeandikwa «Bakari».

Shangazi Rukia, 17:46: Ya Rabi. Piga picha uitume. Usiweke kidole.