Yule muuza magitaa ya mtumba, mnamjua, leo kaniita MGANGA!

Wakuu, natetemeka hapa nilipo. Yule jamaa wa magitaa ya mtumba, simtaji, mnamjua, yule wa "hili limetoka Ulaya". Leo kaniita mganga. Mbele za watu!

Nimefuata gitaa la nyuzi 12. Nalitazama kwa ubavuni, ubao umetuna nyuma ya daraja, kile kibao nyuzi zinapofungwa, ukiweka rula inabembea. Namuuliza, ananijibu bila hata aibu: "Hilo tumbo ndiko sauti inakokaa." Eti sauti inakaa tumboni! Nikatoa risiti ya luku mfukoni, nikaisukuma chini ya daraja. Ikazama. Ikazama hadi namba za tokeni zikapotea. Gundi imeachia, daraja limebaki kushikiliwa na maombi. Ndipo yule bwana akaichomoa risiti yangu, akaikunja ikawa kadogo, akanikabidhi: "Shika hirizi yako, mganga. Kapige ramli mbele." Wanakwaya waliofuata maiki walicheka wakaegemea kaunta.

Nyuzi zenyewe zimenyanyuka, pale freti ya 12 (vile vichuma vya shingoni) panya anapita chini yake bila kuinama. Kile kimfupa cha darajani kinachobeba nyuzi kishasagwa chote, hakuna tena pa kushusha. Hapo dawa ni shingo ing'olewe ipangwe upya, na fundi wa kazi hiyo namtoa wapi? Nyuzi 12 zikikazwa kawaida zinavuta zaidi ya kilo 100, na yeye kalianika juani limekazwa hivyo hivyo. Funguo nyingine za kukazia nyuzi zinazunguka bure. Anataka laki nne na nusu. Halafu mganga ni mimi!

Kinubi_Mkavu: Mganga, nyota yangu imefifia huku, nitumie namba 😂😂

MzeeWaBesi: Pole kijana. Mimi aliniuzia besi imepinda shingo. Nilipoirudisha akasema nikae upande nikipiga.

BintiTanga: Na wewe umezidi. Ungelegeza nyuzi toni nzima ukaweka kepo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya pili. Wapigaji wengi wa nyuzi 12 ndivyo wanavyofanya.

Mleta uzi: Dada, RISITI ILIZAMA! Kepo inagandisha daraja? Na hirizi je, nayo niilegeze toni nzima?

BintiTanga: Haya mganga, usinitupie jini.

Spika_Bubu: Gitaa si kitu. Mimi nimeuziwa spika imeandikwa wati 1000. Nikiwasha na feni, nasikia feni.

Kinubi_Mkavu: Wewe una nafuu. Fundi friji wa mtaani kwetu kachukua hela ya gesi tangu Ramadhani, kila nikimpigia yuko Chalinze anakuja.

MzeeWaBesi: Huyo wa Chalinze ni mrefu, ana pikipiki nyekundu? Ana kompresa yangu huyo!

Spika_Bubu: Pikipiki ya shemeji yangu hiyo. Aliazima.