Kruza ya kwanza inanitoa roho: kwa nini masafa ya mizinga yamefungiwa nyuma ya bodi ya meli?

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo naongea. Hili gemu la manowari tunalocheza wengi humu linatuonea sisi tunaoanza na kruza, zile meli za vita za ukubwa wa kati.

Nimeifungua Dresden ya Mjerumani kwa jasho langu. Mizinga 10 ya milimita 105, ukisikia hivyo unaona umeula. Ingia mechi sasa. Imepangwa miwili mbele, mitatu kila ubavu, miwili nyuma, kwa hiyo ukimgeuzia adui ubavu inafyatua mitano tu, iliyobaki inatazama bahari tupu. Hapo sina neno, meli yenyewe ilijengwa hivyo. Neno langu ni masafa.

Kabla hujaiapgredi, makombora yanaishia kilomita nane na kidogo. Wenye kruza zilizokamilika wanakutwanga kutoka kumi. Jana usiku nimetokea nyuma ya kisiwa, namkuta jamaa kasimama, ubavu wote uko wazi. Alama ya kulenga nyekundu. Zimepungua mita mia tatu! Nikasogea, yeye kanipiga usukani, nikawa nazunguka palepale, moto ukashika nyuma, nikazama bila kumkwaruza hata rangi. Mechi ya nane hiyo naondoka hivyohivyo.

Sasa kifaa cha kuongeza masafa hukipati mpaka ununue bodi ya pili kwanza, yaani umbo jipya la meli, na bodi ni ghali mara tatu ya kifaa chenyewe. Pointi zinatoka kwenye kupiga. Nitampigaje nisiyemfikia? Na ukishindwa tu, kitufe cha kununua pointi kwa hela halisi kinawaka usoni. Mimi bando lenyewe nalipata kwa kujibana.

Msije na "jifunze kucheza." Najua kukaa pua mbele, najua kukwepa torpedo, najua kuchoma destroya, zile meli ndogo za kasi, ikikaribia. Umbali haukwepeki.

Kinachoniuma zaidi, mizinga hii ni ya aina ileile iliyokuwa kwenye Königsberg, kruza halisi ya Mjerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Unguja, mitambo inatengenezwa, ikaimaliza kwa sababu ya masafa: makombora ya Pegasus yalikuwa yanaangukia majini kabla ya kuifikia. Mzinga mmoja wa Königsberg upo Mombasa, pale Fort Jesus. Nimeushika kwa mkono wangu huu. Ulikuwa unafika kilomita 12! Leo mtu anaukata hadi nane ili aniuzie nilichokuwa nacho tangu mwanzo.

Watengenezaji wa gemu watenganishe masafa na bodi, basi. Bei waache ileile, nitaitafuta kwa kucheza. Nimewaandikia mara mbili, zote nimejibiwa na mashine.

Aliyeimaliza Dresden bila kulipa hata senti aseme alinunua nini kwanza, injini au bodi. Na kama nawe umekwama hapa, andika umecheza mechi ngapi, nitawatumia watengenezaji uzi huu wote.