Mzee kamaliza mionzi ya koo la chakula, sasa vita imehamia jikoni. Naombeni uzoefu wenu

KitindaMimba_Rombo:

Habari zenu wakuu. Huwa napita tu kusoma, leo imebidi niandike maana nyumbani kumechafuka.

Baba yetu ana miaka 67, mtu wa Rombo, mkulima wa migomba na kahawa. Ilianza taratibu, ugali ukawa unakwama kifuani anausukuma na maji, akahamia kwenye mtori, baadaye uji, sisi tunasema ni meno tu uzee umeingia. Kuja kumwingiza kamera na kukata kinyama cha kupima majibu yakarudi kansa ya koo la chakula. Siti skani ikaonyesha haijafika kwenye ini wala mapafu ila ni ndefu na imekaa pabaya, na kwa jinsi alivyokonda na kifua chake cha siku nyingi madaktari wakasema kumpasua hapana, aende Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, apewe mionzi na kemo kwa pamoja. Kabla hajaanza akawekewa mpira wa tumboni wa kulishia maana hata maji yalikuwa yanapita kwa kubembelezwa. Dada yetu ni mwalimu, mzee yupo kwenye bima yake, hapo tunamshukuru Mungu. Tupo naye kwa dada Tabata.

Sasa kamaliza mionzi wiki iliyopita. Tulijua ukimaliza ndo unaanza kupona, kumbe ndo koo limewaka, hata mate hamezi, anatemea kwenye kopo usiku kucha. Mama anaamka alfajiri anapika machalari, zile ndizi za kwetu na nyama, anasaga anampelekea kijiko mdomoni kwa sababu anasema cha kwenye mpira siyo chakula, mzee anageuza uso ukutani, mama analia, dada anamgombeza mama mbele ya mzee. Kaka zangu wako Moshi na Arusha, wakipiga simu hata salamu hakuna, ni "amekula nini leo?". Mpira nao umeshaziba mara mbili tatu tunahangaika nao.

Halafu neno kansa hatujamtajia, tumemwambia ni kidonda cha koo. Kaka mkubwa kaweka amri kwenye grupu la familia kwamba atakayemwambia atakuwa amemuua kwa presha.

Mliopita humu, hii hali inatulia lini? Na mama tumfanyeje, maana akikatazwa kupika anaona tumemkataza kumuuguza mume wake.

MamaWawili_Segerea:

Pole sana mdogo wangu, na mama mpe pole zangu. Mume wangu alipita njia hiyo hiyo, hospitali hiyo hiyo, najua hadi zile benchi za kusubiria.

Cha kwanza mtulie, mionzi ikishaisha kuungua hakuishi siku hiyo. Wiki moja mbili baada ya kumaliza ndo pabaya kuliko zote halafu linaanza kushuka lenyewe kidogo kidogo. Sisi nesi alituambia mapema lakini nani alikuwa anasikiliza, akili ilikuwa kwenye tarehe ya kumaliza tu.

Mpira kuziba ni chakula chenu, naweka dau ni nyuzi za nyama za hayo machalari au uji uliopoa ukaganda. Fanya hivi. Pika mtori mwepesi, ndizi ziive mpaka zivurugike, nyama ichemke ilainike kabisa, saga kwenye blenda, halafu CHUJA, na siyo mara moja, pitisha kwenye chujio la chai la wavu mdogo. Ukiinua kijiko itiririke kama maziwa, ikidondoka mabonge rudisha blenda. Ongezea maziwa au siagi ya karanga iliyosagika vizuri au parachichi, kwa sababu maji matupu ya mtori hayarudishi mwili. Chukua lile bomba kubwa la sindano, toa kile kisukumio chake, chomeka kwenye mpira, mimina na uinue juu kiteremke chenyewe. Usisukume kwa nguvu, tumbo linajaa anatapika. Kabla na baada pitisha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, na dawa za vidonge muulizeni mfamasia kipi kinasagwa maana vingine havisagwi. Mzee awe amekaa, asilazwe mpaka ipite kama saa nzima hivi. Ukiziba tena ni maji ya uvuguvugu, sukuma kidogo vuta kidogo kwa upole. Watakwambia uweke soda, achana nayo, inagandisha maziwa humo ndani unakuwa na kazi mbili.

Kuhusu mama. Mpe bomba ashike yeye. Usimkataze kupika, mfundishe kuchuja na kumimina, wewe na dada muwe wasaidizi. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo, siku aliyomimina mwenyewe akaona kikombe kizima kimeingia bila mwanawe kukunja uso, vita iliisha, ikabaki kunigombeza mimi kwamba sichuji vizuri.

TibaAsili_Original:

Kuna mizizi inaondoa uvimbe wote bila mionzi, mzee angewahi asingeunguzwa. Njoo inbox.

SistaZamuYaUsiku:

Hapo juu naomba muachane na inbox. Mzee katoka kwenye kemo juzi, ini na figo bado zina kazi, usimwongezee mizizi ambayo hata muuzaji hajui ina nini. Kama mama ana dawa anayoiamini aende nayo kliniki amuonyeshe daktari, hakuna atakayemcheka.

Mimi ni nesi, siyo wa kitengo hicho kwa sasa ila nimekaa nacho. MamaWawili kamaliza habari za mpira, naongezea yale yasiyosubiri Jumatatu. Joto likifika 38 mtu aliyetoka kwenye kemo anapelekwa hospitali muda huo huo hata kama ni saa nane usiku, msimpe panadol mkangoja kupambazuke. Mpira ukichomoka nendeni siku hiyo hiyo, lile tundu linaanza kujifunga ndani ya masaa, na wala msijaribu kuurudisha wenyewe. Akitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, twende. Na hili wengi hawalijui, akimeza maji akapaliwa na kukohoa KILA akimeza, msiseme ni haraka ya kunywa, inawezekana njia ya chakula na njia ya hewa zimetoboka zikakutana, hapo simamisheni vya mdomoni na mumpeleke.

Sasa maumivu. Hujataja dawa ya maumivu hata moja na mzee halali. Mlipewa mofini ya maji? Wengi wanapewa wanaificha kabatini eti ni dawa ya kufia au atakuwa teja. Mofini inapewa kwa saa, kawaida kila baada ya masaa 4, hungoji alie kwanza, na inafunga choo kwa hiyo inaambatana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Mzee akilala usiku hata hiyo hasira ya kugeukia ukuta inapungua. Kama hamna, Ocean Road kuna kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, ulizeni, na tiba shufaa haina maana mmekata tamaa, anaipata hata anayetibiwa kupona.

Na kaka mkubwa mwambieni hivi. Mzee kaenda Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki nzima nzima kwenye jengo lililoandikwa Taasisi ya Saratani. Amechorwa alama kifuani akaambiwa asizioshe. Mnadhani anaamini ni kidonda? Anawaficha ninyi kwamba anajua.

Chep_Sotik:

Poleni sana from Kenya. Huku kwetu Bomet na Kericho hii kitu tunaijua kabisa, karibu kila boma kuna mtu imechukua, na ndio maana hospitali ya Tenwek huko Bomet wamekuwa wakiweka stenti miaka mingi. Mathe yangu aliwekewa, ile spring ya waya inapanua pale pameziba, alikuwa anateremsha maziwa tu na jioni hiyo akashuka na chai. Siyo dawa ya kuponya, inafungua njia tu, lakini kwa mtu amelala njaa miezi si unajua.

Nasema hii juu baadaye hata kama uvimbe umeisha mionzi inaweza acha kovu koo likawa nyembamba tena, msipanic mkafikiri imerudi, muende wamuangalie na kamera, wakati mwingine ni kupanuliwa tu. Na akiwekewa stenti ugali mgumu, mkate mkavu na nyama za kutafuna hapana, zinakwama, na mto uwe juu usiku.

Ingine ni chai. Mathe alikuwa anakunywa ikiwa inachemka, akingoja ipoe anasema umempea maji. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema 2016 vinywaji vinavyopita nyuzi 65 huenda vinasababisha hii kansa. Siwezi jua kama ndio ilimpata mathe, wengine hulaumu mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, wengine moshi wa jikoni, na mzae wangu alivuta sigara maisha yake yote na hana kitu. Lakini kwetu siku hizi chai inangoja kwa meza.

Hao kaka zako wa simu, wapangie. Sisi tuliandika nani anatuma nini na nani anakuja lini kumpumzisha siz, na ile swali ya amekula nini tukaipiga marufuku. Anayetaka kujua akuje amlishe.

Mzee_wa_Kazi:

Nimesoma yote, sasa msikilizeni mgonjwa mwenyewe. Mimi nilikuwa na hiyo hiyo ila yangu ilikuwa ya chini na mapema, nilipigwa kemo na mionzi halafu nikapasuliwa, wakaondoa kipande cha koo na kulivuta tumbo juu kifuani wakaunganisha. Kwa hiyo mambo yangu na ya mzee wako si sawa kila kitu, mimi nakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, sinywi maji na chakula, silali bapa, nikijisahau nikanywa chai ya sukari nyingi baada ya kula natoka jasho moyo unakimbia mpaka nijilaze. Hayo nimeyazoea.

Kilichonishinda kilikuwa ni kutazamwa. Mke wangu, watoto, shemeji, wote wanasimama mlangoni wanaangalia kijiko kinavyopanda. Nikimeza wanapumua. Nikikohoa wanakimbilia ndoo. Mtu mzima unakula mbele ya refa! Nikaanza kusema sina njaa ili tu waondoke. Na wakawa wanaongelea mambo yangu barazani kwa sauti ya chini, wakidhani mionzi inaziba masikio.

Kingine, waliacha kuniuliza chochote. Nani anakodishiwa chumba cha nyuma, ada ya mjukuu imelipwa na nani, yote yalikuwa yanaamuliwa na mimi nikiwepo. Kijana wangu wa mwisho tu ndo alikuwa anakuja anakaa kitandani ananichokoza habari za Yanga, na mimi ni Simba, tunagombana mpaka koo linauma. Huyo nilikuwa namsubiri.

Mwambieni mzee ukweli, tena mbele ya daktari ili maswali yake yapate mtu wa kuyajibu. Halafu muulizeni yeye anataka nini kinywani. Inawezekana hataki machalari, anataka kusukutua na maji ya baridi tu aone ladha ya kitu.

KitindaMimba_Rombo:

Wakuu narudi na mrejesho, Mungu awabariki.

Mofini ilikuwepo. Dada aliiweka juu ya kabati, kweli kabisa kama Sista alivyosema, aliogopa. Tumeanza kumpa kwa saa, usiku wa pili alilala mpaka adhana ya alfajiri, mama akaamka akamgusa kuhakikisha anapumua.

Mama sasa ndo bosi wa bomba. Kanunua chujio lake, hataki litumike kwa chai.

Kuhusu kumwambia, kaka mkubwa alikuja toka Moshi na bado aligoma, ikabidi dada amwambie daktari kliniki na daktari akamuuliza mzee mwenyewe, wewe unaelewa unaumwa nini? Mzee kajibu bila hata kupepesa, kansa. Halafu akamgeukia kaka akauliza, "Kihamba mmeuza?" Hakuna aliyemwelewa. Kumbe muda wote alikuwa anajua matibabu haya ni mamilioni, na kwa sababu tunanong'ona akajua tumeuza kihamba, lile shamba la urithi la babu yake, kumtibia na tunaogopa kumwambia. Kaka alilia pale pale kliniki. Ikabidi apigiwe baba mdogo Rombo video call atembee na simu katikati ya migomba mzee aone, na akaanza kufoka hapo hapo kwa sauti ya mkwaruzo mbona ile ya karibu na mfereji haijapunguziwa majani.

Kaka wa Arusha anakuja Jumamosi kumpokea dada zamu.

Swali la mwisho Sista, mate ameanza kumeza na anauliza kama anaweza kuonja mbege hata kijiko. Na mpira unatoka lini?

SistaZamuYaUsiku:

Mbege hapana kwa sasa, koo lina vidonda na pombe itamchoma, akatae au akubali. Aanze na maji ya kawaida kijiko kimoja akiwa amekaa wima, mumuangalie kama anapaliwa, baadaye maziwa, uji mwepesi uliopoa, mtindi. Vya limao, pilipili na vya moto bado.

Mpira usiwe na haraka nao. Kamera ya kuangalia mionzi imefanya nini kawaida inasubiri koo litulie, kama wiki 6 mpaka 12 hivi, tarehe mtapewa na daktari wake. Na hata akianza kula vizuri hawautoi mpaka waone uzito haushuki bila huo mpira. Mpimeni mara moja kwa wiki, mzani ule ule, asubuhi, muandike kwenye daftari la kliniki. Mara moja kwa wiki, msimpandishe kila siku mkamrudisha kwenye mambo ya refa.