Nahamia Tanga kutoka Dar: nipange Ngamiani au Sahare? Na kero za mtaa nizipeleke kwa nani?

Mtoto wa Mbagala aliandika:

Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi bandarini Tanga, nahamia na mke na watoto wawili. Huku Mbagala nimechoka. Mvua ikinyesha tunabeba magodoro juu ya meza, ukienda kulalamika ofisi hii inakutuma ile, na ile inakurudisha hii. Wenyeji nisaidieni: Ngamiani kuko karibu na sokoni, Sahare naambiwa kuna upepo. Maji, taka na mitaro vikoje? Na nikiwa na kero nianzie wapi? Sitaki kusomewa vipeperushi, nataka mtu anayeishi huko.

Pweza Mkavu:

Tanga! Waja leo waondoka leo. Njoo na baiskeli kaka, gari utaliegesha tu hapo nje liliwe na chumvi.

Fundi wa Barabara ya Kumi:

Karibu mdogo wangu. Mimi ni mshona nguo, nina fremu Ngamiani, kwa hiyo nitakueleza ya Ngamiani, ya Sahare waseme wa Sahare.

Utakachokipenda kwanza ni kwamba huwezi kupotea. Barabara zetu zina namba na zimenyooka, ukimwambia bajaji barabara ya nane anakufikisha barabara ya nane. Mji umepimwa zamani, ndiyo maana hata gari la taka lina pa kupita. Pia halmashauri ni moja, Jiji la Tanga, si kama huko kwenu ukivuka barabara umeingia manispaa nyingine. Ila usije ukidhani Jiji ndilo lenye kila kitu. Maji ni Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa. Umeme TANESCO. Barabara za mitaani ziko TARURA tangu 2017, zile kubwa za mkoa na za kwenda nje TANROADS. Diwani wako unaweza kumgombeza mpaka sauti ikauke, bomba si lake. Anachoweza ni kulisemea kwenye baraza, na kwenye taka, masoko na usafi hapo ndipo umbane hasa.

Sasa mitaro. Mbele ya fremu yangu kuna mtaro wenye mifuniko ya zege. Masika moja maji yalipanda mpaka kwenye pedeli ya cherehani, vitambaa vya harusi ya watu nimevishika kichwani. Kila mtu anatukana serikali. Vijana wakainua mifuniko mitatu: makumbi ya nazi, pampasi, na sponji la godoro limekunjwa vizuri kabisa kama mtu alilala humo. Nani aliyatupa makumbi yale humo? Muuza madafu wetu wenyewe, na sisi wateja wake tunaotupa pale pale.

Lakini nisikufanye uone ni uchafu wetu tu, maana chini zaidi ukuta wa mtaro ulikuwa umebomoka, na hilo halizolewi kwa koleo. Hapo ndipo utajua tofauti. Kuzoa ni usafi, unamalizana na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti mnamchagua nyinyi, yeye ndiye wa kuitisha mkutano. Kubomoka ni ujenzi, mtaro wa pembeni ya barabara unakwenda na barabara yake, yaani TARURA au TANROADS. Ukienda ofisini peke yako na hasira utaambiwa "tumekusikia mama". Sisi tulikaa mkutano wa mtaa, ikaandikwa kwenye muhtasari, watu wakasaini, nikapiga picha ule ukurasa kabla haujaondoka. Ile karatasi ilitembea kuliko miguu yangu. Fundi wa zege alikuja baada ya masika, si kabla, nisikudanganye.

Mlima Amani:

Fundi kasema yote ila maji kayapita haraka. Maji ya mjini yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, unaoshuka huku kwetu Amani. Wakilima kingoni au wakichimba dhahabu huku juu, nyinyi mnapata maji ya rangi ya chai. Kuna umoja wa wakulima, UWAMAKIZI, unaohimiza watu kuacha kulima kingo. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani iliomba mkopo kwa watu, ya shilingi bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5, kwa ajili ya kupanua huduma. Mwenye akiba alinunua, mimi nilinunua mbuzi.

Mtoto wa Mbagala:

Shukrani dada Fundi na wengine. Swali la pembeni: kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU nikinunua umeme, mpangaji nalipa mimi?

Mzee wa Kange:

Kijana, kisheria ni ya mwenye nyumba. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi, ya ghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Kwa kuwa umeme unanunua wewe, inakatwa kwako. Mwambie mwenye nyumba mapema aipunguze kwenye kodi ya pango, mwandikiane. Akikasirika kwa 1,500 umeshamjua mtu utakayekaa naye. Na nyumba ikiwa na mita mbili au tatu, hakikisha hamkatwi wote, wakikata mara mbili nenda kalalamike na namba za mita.

Mtoto wa Mbagala:

Hapo nimepata, mzee wangu. Nakuja Jumamosi kuona vyumba, nashuka stendi ya Kange. Naelekea Ngamiani.

Fundi wa Barabara ya Kumi:

Jumamosi nipo. Dalali akikwambia maji yapo, fungua bomba mwenyewe, na mwulize jirani, si yeye, gari la taka linapita siku gani. Kisha tazama ukuta wa nje chini, mstari wa tope ukiwa juu ya goti toka humo, hata bei iwe tamu vipi. Wengi hupaka rangi mpya hapo chini tu, nusu ukuta. Ukiona nusu ukuta mpya, ujue.

Pweza Mkavu:

Na baiskeli usisahau.