Mchango wa upimaji mtaani kwetu

Mama Zuhura: Asalaam alaykum majirani. Kile kigingi chenye rangi nyekundu pembeni ya mkorosho wangu watoto wameking'oa. Na wapimaji ndiyo kimya. Laki na nusu nililipa mwaka juzi, risiti ninayo.

Katibu wa Kamati: Waalaykum salaam. Hela yako haijaliwa, mama. Viwanja vyetu ni 312. Kwa bei elekezi ya wizara ya ardhi ya wakati ule, 150,000 kila kimoja, tulitegemea milioni 46.8. Waliomaliza ni 121, milioni 18.15 tu. Zimeishia kwenye utambuzi wa mipaka na mchoro wa mipango miji. Kampuni ya upimaji hairudi kusimika bicon, yale mawe ya mpaka ya kudumu, mpaka ilipwe.

Fundi Saidi: Na mchoro hauchorwi nusu mtaa. Barabara inapita kwa aliyelipa na asiyelipa. Kwa hiyo sisi 121 tumewachorea wote 312.

Bibi Somoe: Mie nilitoa elfu hamsini wanangu. Iliyobaki nangoja korosho.

Katibu wa Kamati: Imeandikwa, bibi. Usiwe na wasiwasi.

Mama Zuhura: Bibi Somoe tumwache jamani! Nyuma yangu kuna viwanja vinne, vichaka vitupu. Walinunua watu wa Dar kipindi kile cha gesi, 2012, 2013, Mtwara nzima ikigombaniwa. Hawajatoa hata mia. Sisi tukijinyima tukapimiwa, bei ya viwanja vyao ndiyo inapanda. Inaniuma sana.

Fundi Saidi: Tuanze na hao hao. Minada ya korosho mpaka Oktoba, wazee tusiwasumbue sasa. Na hela mpya asikabidhiwe mtu mkononi. Ikae akaunti ya kamati, itoke bicon zikishasimama.

Katibu wa Kamati: Naunga mkono, tulikosea kulipa mbele. Ila tuelewane: laki na nusu ni ya kupanga na kupima. Hati ina malipo yake serikalini.

Mama Zuhura: Kumbe bado! Mbona kwenye mkutano hatukuambiwa?

Katibu wa Kamati: Ilisemwa harakaharaka mwishoni. Nisameheni, nitaibandika ofisini.

Mjumbe: Hao wa Dar, mauziano yao mengi yalisainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala zipo na namba za simu. Kesho baada ya Alasiri nazipitia. Nani anakuja?

Mama Zuhura: Mimi. Kigingi nikirudishe?

Mjumbe: Hapana dada, kiweke ndani. Ukikosea futi mbili tu, umeanza ugomvi wa mpaka.