Milan Asadurov wa Varna: uandishi, tafsiri au uchapishaji?

Msomaji, Kisumu:
Ndugu wasomaji, katika chama chetu cha usomaji tunajadili hadithi za kubuni za kisayansi, na Milan Asadurov wa Bulgaria amenivutia kwa kuwa alikuwa mwandishi, mfasiri na mchapishaji, tena akifanyia kazi Varna, bandari ya Bahari Nyeusi, wala si Sofia ulio mji mkuu. Ni ipi kati ya kazi hizo iliyokuwa na uzito zaidi? Nauliza kwa sababu sisi wa huku tukitafuta mchapishaji huelekezwa Nairobi.

Mwalimu, Kakamega:
Kwa maoni yangu ni uhariri, ulioziunganisha zote tatu. Mwaka 1979 alianzisha mfululizo wa Galaktika chini ya shirika la uchapishaji la Georgi Bakalov la Varna, vitabu vidogo ambavyo majalada yake yalichorwa na Tekla Aleksieva. Humo Wabulgaria waliwasoma kwa lugha yao waandishi wa kigeni wa fani hii, Asimov, Bradbury na Lem, na yeye mwenyewe aliwafasiri ndugu Arkady na Boris Strugatsky kutoka Kirusi. Ninalolithamini zaidi ni kwamba waandishi wa nyumbani waliwekwa katika safu hiyohiyo, akiwemo Lyuben Dilov (1927–2008), ambaye katika riwaya yake ya 1974 alithubutu kuziongezea sheria tatu za Asimov, zinazoongoza mwenendo wa roboti katika hadithi zake, sheria ya nne, kwamba roboti sharti ijitambulishe kuwa ni roboti katika kila hali. Mwandishi hathubutu hivyo asipojiona mwenyeji katika fani.

Mkutubi, Nakuru:
Mwalimu amesema vyema, ila tusisahau kwamba wakati huo mashirika ya uchapishaji yalikuwa ya dola, kwa hiyo mhariri hakuhangaikia mtaji, ingawa alifanya kazi chini ya jicho la chama tawala. Baada ya 1989, utawala wa kikomunisti ulipoanguka, utaratibu huo ulivunjika. Wachapishaji wetu hutegemea vitabu vya shule, kwa kuwa huko ndiko kwenye wanunuzi wa hakika, na riwaya isiyo kwenye mtaala husubiri sana.

Msomaji, Kisumu:
Nawashukuru nyote. Mtaji hatuna, lakini kuchagua na kufasiri tunaweza. Nitapendekeza chama chetu kianze na hadithi fupi, za kigeni na zetu pamoja, zihaririwe na mtu mmoja mwenye msimamo. Mwalimu, je, utakubali kuwa mhariri huyo?